Alama za SAT: Kuzituma au Kutozituma? Mwongozo Kamili kwa Mwombaji wa Chuo cha Marekani Kutoka Afrika Mashariki

Mwaka 1969 Chuo cha Bowdoin, kilichopo katika jimbo la Maine, kiliwaachia waombaji wake uamuzi wa kutuma au kutotuma alama za mitihani ya kujiunga na chuo, na kwa miaka mingi iliyofuata vyuo vilivyoiga mfano huo vilikuwa vichache. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani mwaka 2020 na vituo vya mitihani kufungwa, vyuo vingi vikubwa vya Marekani viliifanya mitihani hiyo, yaani SAT na mwenzake ACT, kuwa ya hiari kwa mpigo. Na tangu mwaka 2022 baadhi yavyo vimekuwa vikirudisha sharti la zamani, kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana waombaji wawili wa mwaka mmoja, wenye alama zilezile, wanaweza kupewa ushauri unaopingana na wote wawili wakawa wameshauriwa vizuri.

Ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya kijana wa Kimarekani ambaye shule yake inafahamika na ofisi ya udahili. Mwanafunzi aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) Tabora, au aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, katika shule ya kaunti huko Kakamega, hayuko katika nafasi hiyo, na akiufuata ushauri huo neno kwa neno anaweza kuficha kitu ambacho kingemfaa. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba alama ni ushahidi kama ushahidi mwingine. Kabla ya kuuliza kama ni kubwa, uliza kama inamwambia msomaji wa faili lako jambo ambalo vyeti vyako, insha zako na barua za walimu wako havijamwambia. Uamuzi hufanywa kwa kila chuo peke yake, na kwa mpangilio ufuatao.

Hatua ya kwanza: fahamu chuo kinadai nini mwaka huu

Fungua ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe, sehemu inayowahusu waombaji wa kimataifa, uangalie sharti la msimu unaoomba. Usitegemee orodha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa kuwa masharti haya yamebadilika karibu kila mwaka.

Kundi la kwanza ni la vyuo vinavyodai alama. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022. Mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Brown, Harvard, Caltech na Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, na kwa wanaoomba kuanza masomo mwaka 2026 zimo pia Stanford, Cornell, Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hapa hakuna cha kuamua kuhusu kutuma. Kinachobaki ni kuamua kama utaomba au hutaomba.

Kundi la pili, ambalo waombaji wa kwetu hulipita bila kulisoma vizuri, ni la vyuo, baadhi ya vilivyotajwa hapo juu vikiwamo, vinavyodai mtihani lakini vinakubali zaidi ya aina moja. Yale inakubali SAT, ACT, AP (mitihani ya kozi za ngazi ya chuo) au IB (diploma ya kimataifa ya sekondari), hivyo matokeo ya NECTA, yaani mitihani ya taifa ya Tanzania, au ya KCSE hayatoshi kutimiza sharti lake. Dartmouth, kwa upande wake, inawaruhusu waombaji waliosoma nje ya Marekani kutumia matokeo ya IB, A-Level ya Uingereza au mtihani wa taifa unaolingana na hiyo. Harvard inakubali matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule, ila kwa mwombaji ambaye kwa kweli hawezi kuifikia SAT wala ACT, na hilo ni jambo la kueleza kwa ukweli, wala si mlango wa kumkwepesha mtu mtihani asioupenda.

Kundi la tatu ni la vyuo visivyotazama alama hata ukizituma. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California, wenye Berkeley na UCLA, uko hapa, na pia mfumo wa vyuo vya serikali vya jimbo hilo, yaani California State University. Usipoteze muda wa kufikiri juu ya vyuo hivi.

Vinavyobaki, na ni vingi mno, ndivyo vya hiari, kama Chuo Kikuu cha Chicago kilichoingia kwenye hiari hata kabla ya UVIKO, mwaka 2018. Hatua zinazofuata zinavihusu hivi.

Hatua ya pili: tazama fedha kabla ya kutazama nafasi

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, kudahiliwa bila ufadhili ni sawa na kutodahiliwa, na hiari ya kutuma alama katika udahili haimaanishi hiari katika ufadhili. Vyuo kadhaa, hasa vya serikali na vile vya kati, hutoa ufadhili wa ufaulu kwa jedwali linalooanisha wastani wa masomo na alama za SAT au ACT, na mwombaji asiye na alama huondolewa katika kinyang'anyiro hicho au hupewa kiwango cha chini. Soma ukurasa wa ufadhili kando na ule wa udahili, maana mara nyingi huandikwa na ofisi tofauti, kisha utafute sentensi inayowataja wasio raia. Alama yako ikivuka kiwango kilichotajwa, itume, hata kama iko chini ya alama ya katikati ya chuo hicho.

Vyuo vinavyotoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia havina jedwali la namna hiyo. Lakini pale ambapo chuo hutazama uwezo wa mwombaji wa kimataifa kulipa kabla ya kumdahili, ushindani huwa mkali zaidi kwa anayehitaji fedha nyingi, na faili lake halina budi kushawishi zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoificha alama nzuri kwa woga.

Hatua ya tatu: tafuta takwimu za chuo, na uzisome kwa jicho la mashaka

Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Andika jina la chuo na jina la hati hiyo kwenye Google, ufungue ya mwaka wa karibuni, kisha uende sehemu C9. Hapo utaona asilimia ya wanafunzi wapya waliotuma SAT na waliotuma ACT, pamoja na alama tatu: ile ambayo robo ya waliotuma wako chini yake, ile ya katikati, na ile ambayo robo wako juu yake. Sehemu C7 ya hati hiyohiyo inaonyesha uzito ambao chuo chenyewe kinasema kinaipa mitihani hii kikilinganisha na insha, barua na masomo ya shule. Ukiwa huko, teremka hadi sehemu H6, inayoeleza kama chuo hutoa msaada kwa wasio raia na kwa wastani wa kiasi gani. Ni ukurasa ambao ungefaa kusomwa na kila mzazi kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Sasa ile sababu ya mashaka. Chuo kinapofanya kutuma alama kuwa hiari, wenye alama za juu hutuma na wenye alama za chini hunyamaza, kwa hiyo takwimu zinazochapishwa hupanda bila wanafunzi wenyewe kubadilika. Tuseme hati inaonyesha kwamba asilimia 40 tu ya wanafunzi wapya walituma SAT, kwamba robo ya chini inaishia 1440, katikati ni 1490 na robo ya juu inaanzia 1530. Namba hizo zinawahusu asilimia 40 pekee. Ukiona asilimia ya waliotuma ni ndogo, iweke ile alama ya robo ya chini mbali na wazo la kiwango cha kufaulu. Ukiona ni asilimia 80 au zaidi, ujue kwamba chuo kinaita mtihani wa hiari huku karibu wote wanautuma, na kunyamaza kwako kutaonekana.

Ukiwa na ACT badala ya SAT, tumia jedwali rasmi la ulinganisho lililotolewa mwaka 2018, ambalo linaonyesha kwamba 30 ya ACT inalingana na 1370 ya SAT, na 33 inalingana na 1460.

Hatua ya nne: soma faili lako kama atakavyolisoma mgeni

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mwanafunzi wa Kimarekani huja na rekodi ya miaka minne ya masomo, maelezo ya shule yanayoonyesha kozi zinazotolewa na mgawanyo wa alama, na barua ya mshauri ambaye kazi yake ni kuandika barua hizo. Mwanafunzi wa shule ya kata nchini Tanzania huja na ripoti za mihula zilizoandikwa kwa kalamu, ambazo wastani wake ni 58 kwa sababu mwalimu wa Fizikia hampi mtu 80, na huenda akawa wa pili darasani kwa wastani huo. Barua ya mkuu wa shule ina mistari sita inayosema kwamba mwanafunzi huyu ni mtiifu na mwenye nidhamu. Ofisa wa udahili anayesoma maombi ya Afrika katika chuo kikubwa anajua Daraja la Kwanza ni nini na anajua A ya KCSE ni ngumu kiasi gani. Katika chuo kidogo cha katikati ya Marekani, ambacho pengine hupokea maombi machache tu kutoka nchi yako kwa mwaka, si jambo la kulitegemea.

Kwa faili la namna hiyo, alama ya SAT hufanya kazi kubwa kuliko inavyofanya kwa Mmarekani, kwa kuwa ni kipimo pekee ambacho msomaji anakijua bila kuelezwa. Utafiti wa wahadhiri wa Dartmouth uliotolewa mwanzoni mwa mwaka 2024 uligundua kwamba waombaji wa hali ya chini walikuwa wakizuia alama ambazo zingewasaidia, wakidhani ni ndogo, ilhali ofisi ya udahili husoma alama kwa kuzipima na shule na mazingira anakotoka mwombaji. Utafiti huo ulihusu Dartmouth na ulichangia chuo hicho kurudisha sharti la mtihani, lakini kosa lililoonyeshwa ni lilelile ninaloliona kwa vijana wetu: wanajilinganisha na alama ya katikati ya chuo badala ya kujilinganisha na kile kinachotarajiwa kutoka mahali walipo.

Jiulize pia matokeo yako ya taifa yamefikia wapi siku ya kutuma maombi. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka Julai, na mwisho wa maombi ya mapema huwa Novemba mosi, wakati maombi ya kawaida katika vyuo vingi hufungwa katika siku za mwanzo za Januari. Anayesubiri matokeo ya Julai ndipo aombe anakuwa tayari na mtihani wa nje uliosahihishwa na wasiomjua, na Daraja la Kwanza la pointi 3 au 4 linaweza kusimama peke yake. Anayeomba akiwa bado Kidato cha Sita ana matokeo ya Kidato cha Nne, moko na makadirio ya walimu tu. Huyo anaihitaji SAT zaidi. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa Kenya aliyekwisha kupata matokeo ya KCSE anaweza kuchagua kwa uhuru mkubwa kuliko anayeomba kabla ya kufanya mtihani huo.

Kutokana na hayo, kipimo ninachokipendekeza kwa vyuo vya hiari ni hiki. Ikiwa alama yako iko kwenye alama ya katikati au juu yake, itume bila kusita. Ikiwa iko kati ya robo ya chini na katikati, itume pia, hata pale ambapo mshauri wa Kimarekani angeanza kutafakari. Ikiwa iko chini ya robo ya chini kwa pointi zisizozidi 50 au 60, na shule yako haijulikani, na hujapata bado matokeo ya mwisho ya taifa, ningeegemea kuituma. Ukiwa na matokeo ya mwisho yanayong'aa, ningeegemea kuiacha. Ikiwa iko chini zaidi ya hapo, iache, na uwekeze nguvu katika insha na barua.

Hatua ya tano: tenganisha Hesabu na Kiingereza

SAT ya sasa hufanyika kwenye kompyuta kwa saa 2 na dakika 14, ina sehemu ya Kusoma na Kuandika na sehemu ya Hesabu, kila moja ikipewa kati ya 200 na 800. Jumla pekee inaweza kukudanganya. Wanafunzi wa tahasusi za sayansi mara nyingi hupata Hesabu ya juu na Kiingereza cha chini, na huwezi kuiomba College Board, shirika linaloendesha SAT, itume sehemu moja na kuacha nyingine. Unaruhusiwa kuchagua siku ya mtihani, lakini alama za siku hiyo huenda zote.

Mchukue mwanafunzi wa PCM mwenye Daraja la Kwanza la pointi 4 ambaye amepata 1370, yaani Hesabu 760 na Kiingereza 610, na anataka kusomea uhandisi. Chuo cha kwanza ni cha serikali, na jedwali lake la ufadhili linaanzia 1350: anatuma, na mjadala umekwisha. Chuo cha pili ni kidogo, cha hiari, ambacho robo ya chini ni 1330 na katikati ni 1410: anatuma. Chuo cha tatu ni kile cha mfano wetu wa 1440 na 1490, na hapa mambo ni magumu, kwa kuwa Hesabu ya 760 inathibitisha tu kile ambacho A ya Advanced Mathematics imekwisha kusema, wakati 610 inazua shaka kuhusu lugha, shaka ambayo msomaji hakuwa nayo. Ana 7.5 ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, na insha zinazosomeka vizuri. Mimi ningemwambia asitume huko. Angekuwa anaomba kabla ya matokeo ya Julai, jibu langu lingegeuka, kwa sababu ile 760 ingekuwa ndiyo ushahidi wake mkubwa wa hisabati.

Kumbuka vilevile kwamba baadhi ya vyuo humsamehe mwombaji TOEFL au IELTS akiwa na alama fulani ya Kusoma na Kuandika. Angalia kiwango hicho kabla ya kulipia mtihani wa lugha, maana ada ya mtihani mmoja kati ya hiyo si fedha ndogo.

Hatua ya sita: amua kama inafaa kurudia

SAT kwa mtahiniwa wa nje ya Marekani inagharimu zaidi ya dola 100, na msamaha wa ada wa College Board unawahusu wanaosoma Marekani na raia wake walioko nje. Ofisi za EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri wanafunzi, zilizopo Nairobi na Dar es Salaam, zinafaa kuulizwa kuhusu fedha za kusaidia wanafunzi wenye uwezo na wasio na kipato, na ushauri wao ni wa bure. Vituo ni vichache na viko mijini, kwa hiyo anayetoka Sumbawanga au Turkana aongeze nauli na malazi katika hesabu yake. Usiye na kompyuta unaweza kuomba kuazimwa, lakini ombi hilo hufanywa angalau siku 30 kabla ya mtihani. Hakikisha pia mapema ni kitambulisho gani kinakubalika nchini kwako, kwa kuwa mahali pengine ni pasipoti pekee.

Mhitimu wa Kidato cha Sita Tanzania akumbuke kwamba kipindi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria huanza muda mfupi baada ya mtihani wa Mei, na kambini si mahali pa kujisomea kwa ajili ya SAT ya Agosti. Kwake, mtihani wa Oktoba ni salama zaidi. Kurudia kuna maana pale ambapo mazoezi ya bure kwenye Bluebook, programu rasmi ya kufanyia SAT, yanaonyesha kwamba umekwisha kupanda kwa kiasi kinachokuvusha mstari fulani, kwa mfano robo ya chini ya chuo unachokipenda au kiwango cha ufadhili. Kurudia kwa matumaini tu, huku mtihani wa taifa ukikaribia, sikushauri hata kidogo, kwa sababu hakuna chuo kitakachoisoma SAT yako na kulisahau Daraja la Tatu. Vyuo vingi huchukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka siku tofauti za mtihani, jambo ambalo humpunguzia mtu hofu ya kurudia. Vichache, Georgetown ikiwamo, hudai kuona rekodi yote.

Hatua ya saba: tekeleza uamuzi ndani ya fomu

Hapa ndipo uamuzi mzuri huharibika. Katika Common App, fomu ya pamoja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, sehemu ya mitihani iliyo kwenye fomu kuu kwa kawaida huenda kwa vyuo vyote unavyoviomba, ilhali vyuo vingi vya hiari vina swali lao wenyewe linalouliza kama ungependa alama zako zizingatiwe. Ikiwa unatuma kwa vyuo vitano na kuacha viwili, wasilisha kwanza vile unavyotuma, kisha rudi kwenye fomu kuu uziondoe alama kabla ya kuwasilisha vilivyobaki, na fungua nakala ya PDF ya kila ombi uikague kabla ya kubofya mara ya mwisho. Waombe pia walimu wako wasizitaje alama hizo katika barua zao. Nimeona barua ya mwalimu wa taaluma, iliyoandikwa kwa nia njema kabisa, ikitangaza alama ambayo mwanafunzi aliamua kuiacha.

Usilipie ripoti rasmi kabla ya kujua kama chuo kinaihitaji, kwa sababu vingi vinakubali alama ulizojiandikia mwenyewe na kudai ripoti ya College Board baada ya kukudahili tu. Ripoti nne za bure hutolewa kwa anayetaja vyuo wakati wa kujisajili au ndani ya siku 9 baada ya mtihani, yaani kabla hajajua amepata ngapi, hivyo zitumie kwa vyuo vinavyodai alama kwa lazima na si kwa vile vya hiari. Ukishadahiliwa, agiza ripoti rasmi mara moja, na uhakikishe kwamba jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana na vilivyomo kwenye pasipoti na kwenye fomu yako, kwa kuwa alama rasmi zisipooana na ulizoandika chuo kina haki ya kuifuta nafasi uliyopewa.